Kiendeshi cha Kadi ya Michoro: Tumjue Tunayemfungulia Mlango

Mazungumzo ya polisi na wakazi wa miji ya mpakani kuhusu usalama wa kompyuta



Bila shaka baadhi yenu mlipolisikia tangazo la mazungumzo haya mlijiuliza: polisi na kadi ya michoro, wapi na wapi? Mmezoea kutusikia tukizungumza kuhusu magendo, wizi wa mifugo na ajali za boda boda. Leo tumechagua jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo linagusa riziki ya watu wengi waliomo humu.

Katika miji yetu ya mpakani, iwe Busia, Malaba, Mutukula, Katuna au Mpondwe, kompyuta imekuwa chombo cha kazi kama lilivyo jembe kwa mkulima. Wakala wa forodha huitumia kutayarishia nyaraka za mizigo. Mwenye studio huhariria picha na video za harusi. Kibanda cha sinema huitegemea kuonyeshea filamu. Vijana hulipia muda wa kucheza michezo, na mwalimu huchapia mitihani. Katika mashine moja ya kibanda kimoja mnaweza kukuta nakala za vitambulisho vya watu mia, maneno ya siri ya barua pepe na akaunti ya benki ya mwenye biashara. Mwizi anayeingia humo hana haja ya kuvunja kufuli. Na mojawapo ya milango anayoipenda ni ule tunaomfungulia sisi wenyewe tunaposasisha kiendeshi cha kadi ya michoro.

Mkalimani aliye ndani ya mashine

Kadi ya michoro ndiyo sehemu ya kompyuta inayochora kila mnachokiona kwenye skrini: herufi, picha, filamu na michezo. Katika kompyuta nyingi za ofisini, kazi hiyo hufanywa na sehemu iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe. Katika mashine za kuhariri video na za michezo, huwa ni kadi ya pekee iliyochomekwa ndani, yenye feni zake. Watengenezaji wakuu wa chipu zake ni watatu: NVIDIA, AMD na Intel. Majina mengine mnayoyaona kwenye maboksi, kama vile ASUS, MSI na Gigabyte, ni ya kampuni zinazounda kadi kwa kutumia chipu zilizobuniwa na hao.

Kiendeshi, ambacho mafundi wetu hukiita draiva, ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta, tuseme Windows, kuzungumza na kadi hiyo. Sisi tunaoishi mpakani tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Tumeona mara nyingi msafiri na ofisa wasiojua lugha moja wakisimama pamoja, na kati yao yupo mkalimani. Mkalimani akiwa hodari na mwaminifu, safari huendelea. Akiwa haijui lugha vizuri, mambo huvurugika. Akiwa laghai, msafiri hupoteza mali yake huku akimshukuru anayemwibia. Kiendeshi nacho ni hivyo hivyo. Kikiwa sawa, hamwoni hata kama kipo. Kikiwa na kasoro, skrini huwa nyeusi au kompyuta hujizima. Kikiwa cha uongo, huiba.

Liko jambo jingine linalokipa kiendeshi uzito kuliko programu za kawaida. Programu ya kuandikia barua hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekewa. Kiendeshi kina sehemu inayofanya kazi katika kiini cha mfumo, mahali ambapo mwenye kuingia anaweza kuizima hata programu ya kuzuia virusi. Ndiyo sababu Windows huomba idhini ya msimamizi kabla ya kukisakinisha. Ukibonyeza kukubali, umemkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Wezi hupitia wapi

Njia ya kwanza ni tangazo la kutisha. Unafungua ukurasa kutazama matokeo ya mpira, ghafla linajitokeza dirisha likidai kuwa viendeshi vyako vimepitwa na wakati na kompyuta iko hatarini. Tunaomba mlishike hili: ukurasa wa tovuti hauwezi kuvikagua viendeshi vilivyomo ndani ya kompyuta yako. Anayekwambia hivyo anabahatisha, na anabahatisha kwa kusudi.

Njia ya pili ni tovuti bandia inayofanana na ya kweli. Mwishoni mwa mwaka 2022, watafiti wa usalama wa mitandao walitoa onyo kuhusu tovuti nyingi zilizojifanya kuwa za MSI Afterburner, programu mashuhuri ya kurekebisha kadi za michoro. Aliyepakua huko alipata programu iliyofanya kazi kama kawaida, lakini pamoja nayo ziliingia nyingine mbili: moja ya kuchimba sarafu za kidijiti kwa kutumia nguvu na umeme wa mwenye kompyuta, na nyingine, iitwayo RedLine, ya kukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari. Mtu aliendelea kucheza mchezo wake kwa furaha, asijue kwamba funguo zake zimekwisha kunakiliwa.

Njia ya tatu tunaijua zaidi sisi wenyewe: flashi. Kifurushi kimoja cha kiendeshi cha NVIDIA au AMD kwa kawaida huzidi megabaiti 500, na data inagharimu fedha. Kwa hiyo mmoja hupakua, kisha flashi ikazunguka kutoka kibanda hadi kibanda, na pengine ikavuka mpaka. Kusaidiana ni desturi yetu njema na hatuji kuipiga vita. Lakini flashi hiyo ikibeba faili moja lenye sumu, mtaa mzima umeambukizwa kwa siku moja.

Pengine fundi mmoja atatuambia: sisi hukagua saini ya kidijiti, kwa hiyo tuko salama. Tunampongeza, na aendelee, kwa kuwa faili lisilo na saini ni la kukataliwa papo hapo. Lakini ajue kuwa saini peke yake haitoshi. Mapema mwaka 2022, wahalifu waliingia katika mitandao ya NVIDIA na kuiba, miongoni mwa vitu vingine, vyeti viwili vya kutilia saini programu. Vyeti hivyo vilikuwa vimekwisha muda wake, na hata hivyo Windows ilikuwa bado inaweza kuvikubali kwenye viendeshi. Muda si muda, programu hasidi zilizotiwa saini hizo zikaonekana mitandaoni. Hili linafanana na hati ya kusafiria iliyoibiwa: muhuri ni wa kweli, aliyeishika siye.

Katika mwaka huohuo, kundi la wahalifu liitwalo BlackByte, linalofunga mafaili ya watu na kudai fidia, lilitumia mbinu nyingine. Lilichukua RTCore64.sys, kiendeshi halali kinachokuja na MSI Afterburner, ambacho toleo lake la zamani lilikuwa na udhaifu uliojulikana. Wahalifu walikisakinisha wao wenyewe katika kompyuta walizozivamia, wakautumia udhaifu huo kuzilemaza programu za ulinzi. Tangu mwaka 2022, Windows 11 huja ikiwa na orodha ya viendeshi dhaifu inavyovizuia. Akija mtu kukushauri uizime kinga hiyo, au uzime programu ya kuzuia virusi ili kiendeshi kikubali kuingia, mwombe aondoke.

Ijue kadi yako kwanza

Huwezi kumchagulia mgonjwa dawa bila kujua ugonjwa wake. Vivyo hivyo, huwezi kuchagua kiendeshi bila kuijua kadi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha ubonyeze Enter. Katika ukurasa wa skrini utaliona jina la kadi, toleo la kiendeshi kilichopo na tarehe yake. Yaandike haya kwenye daftari.

Huenda kompyuta haikutaji jina la kadi kwa sababu haina kiendeshi kabisa. Hapo bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc, ufungue sifa za kifaa cha skrini na utafute namba ya utambulisho wake. Ukiona VEN_10DE, chipu ni ya NVIDIA. VEN_1002 ni ya AMD, na VEN_8086 ni ya Intel. Namba hizi hazihitaji programu yoyote ya kupakuliwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu akuletee programu ya kutafutia viendeshi.

Hapa tuwaonye wanunuzi wa vifaa vilivyotumika, maana soko hilo ni kubwa mipakani. Zimekuwapo sokoni kadi za zamani za NVIDIA zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitambulishe kama kadi mpya na bora zaidi, kwa mfano GTX 1050 Ti. Mnunuzi hufika nyumbani, akapakua kiendeshi halali cha kadi aliyodhani amenunua, nacho kikakataa au kompyuta ikakwama. Kisha muuzaji humpa diski au flashi yenye kiendeshi maalumu. Kiendeshi maalumu cha kadi ya kughushi ni ulaghai juu ya ulaghai. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z, ya tovuti ya TechPowerUp, ambayo tangu mwaka 2018 hutambua nyingi za kadi hizo na kuandika neno la kuzitia alama ya bandia mbele ya jina. Dai ukaguzi huo mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha. Dai pia risiti yenye jina lake na namba ya kadi. Siku kadi hiyo itakapotajwa kuwa ya wizi, risiti ndiyo itakayokutetea.

Kusasisha, au kuacha ilivyo?

Wapo wanaosasisha kila wiki kana kwamba ni ibada, na wapo ambao hawajagusa kitu tangu kompyuta iliponunuliwa. Wote wawili tunawashauri wasogee katikati.

Zipo sababu tatu za kweli za kusasisha. Ya kwanza ni usalama: NVIDIA, AMD na Intel hutoa mara kwa mara taarifa za udhaifu uliogunduliwa katika viendeshi vyao na matoleo yanayouziba. Ya pili ni kasoro unayoipata wewe mwenyewe, kama skrini kuzimika au programu ya kuhariri video kukwama. Ya tatu ni programu au mchezo mpya unaodai toleo jipya. Kama huna hata moja kati ya hizo, huna sababu ya kukimbilia toleo lililotoka asubuhi hii. Haraka haraka haina baraka, na hata mtengenezaji mwenyewe huweza kukosea. Mwezi Machi 2010, NVIDIA ilikiondoa kwenye tovuti yake kiendeshi namba 196.75 baada ya watumiaji kulalamika kwamba kilivuruga mwendo wa feni na kuziweka kadi katika hatari ya kupata joto kupita kiasi. Waliongoja siku chache waliepukana na balaa hilo. Kwa mashine ya biashara, basi, acha wiki moja au mbili zipite ndipo usakinishe, isipokuwa toleo hilo linaziba udhaifu wa hatari.

Katika kuchagua aina, NVIDIA hutoa mikondo miwili: Game Ready kwa michezo mipya, na Studio kwa wanaohariri picha na video. Mwenye studio ya harusi achague Studio, na mwenye kibanda cha michezo achague Game Ready. AMD nayo hutofautisha matoleo inayoyapendekeza na yale ya hiari. Kwa kazi ya kila siku, chukua lililopendekezwa.

Kompyuta ya mapajani ina kanuni yake. Nyingi zina kadi mbili, ya Intel au AMD ya kuokoa betri na ya pili yenye nguvu, na kampuni iliyoiunda huenda imerekebisha viendeshi ili viende pamoja. Anza kutafuta katika ukurasa wa msaada wa kampuni hiyo, iwe HP, Dell au Lenovo, kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine.

Kwa kadi za zamani, ambazo ndizo nyingi katika vibanda vyetu, tuseme ukweli. Kadi nyingi za GeForce za mfululizo wa 600 na 700 ziliacha kupata viendeshi vya michezo mwaka 2021, na masahihisho yake ya usalama yalikoma mwaka 2024. AMD iliziweka kando kadi kama Radeon HD 7000 mwezi Juni 2021. Kadi za GeForce GTX 900 na GTX 10 zilifikia mwisho wa viendeshi vya kawaida mwezi Oktoba 2025, ingawa NVIDIA imeahidi masahihisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Windows 10 yenyewe iliondolewa katika huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kadi ambayo mtengenezaji ameiacha atumie toleo la mwisho lililotolewa rasmi. Yeyote anayeahidi toleo jipya la kadi hiyo kwenye tovuti asiyoijua mtu anauza kitu kisichokuwapo. Mashine ya namna hiyo iendelee kuonyesha filamu, lakini shughuli za benki na nyaraka za wateja zihamishiwe kwenye mashine nyingine.

Hatua za kufuata

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Tunawaomba mafundi wazibandike hatua hizi ukutani.

Kwanza, nakili mali ya wateja. Picha, video na nyaraka ziwekwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe. Akiba haiozi.

Pili, tengeneza njia ya kurudi. Bonyeza Windows na R, andika SystemPropertiesProtection, uwashe ulinzi wa mfumo na uunde alama ya kurejea. Hifadhi pia kifurushi cha kiendeshi cha zamani kilichokuwa kikifanya kazi vizuri. Usikifute kwa sababu ya kubana nafasi.

Tatu, pakua kwa mtengenezaji tu. Andika anwani kwa mkono wako: nvidia.com, amd.com, intel.com, au ya kampuni iliyounda kompyuta yako. Usibonyeze tokeo la kwanza la utafutaji kwa mazoea, kwa kuwa mara nyingi nafasi hiyo ya juu ni tangazo lililolipiwa. Njia nyingine salama ni Windows Update yenyewe: toleo lake huenda lisiwe jipya kabisa, lakini kwa kompyuta ya ofisi linatosha.

Nne, kagua faili kabla ya kulifungua. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake na utazame ukurasa wa saini za kidijiti. Jina liwe NVIDIA Corporation, Advanced Micro Devices au Intel Corporation, na Windows ithibitishe kuwa saini ni halali. Kisha lipitishe kwenye programu ya kuzuia virusi. Kama faili ni la kugawana kwa flashi, mtu mmoja mnayemwamini apakue, naye aandike alama ya utambulisho ya faili kwa amri certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Amri hiyo hutoa mfuatano mrefu wa herufi na namba. Kila anayepokea faili arudie amri hiyo kwenye mashine yake. Mfuatano ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili limebadilika njiani na lisifunguliwe. Kwa utaratibu huu tutaendelea kusaidiana bila kuambukizana.

Tano, chagua wakati. Umeme wetu hukatika, na kukatika katikati ya usakinishaji ni chanzo cha matatizo mengi. Kompyuta ya mezani ichomekwe kwenye UPS. Ya mapajani iwe na betri iliyojaa, na waya wa chaja uwe umechomekwa. Usifanye kazi hii mteja akiwa amesimama mlangoni akingoja nyaraka za lori lililoko foleni.

Sita, funga programu zote, fungua kifurushi na usome kila ukurasa kabla ya kuendelea. Skrini itazimika na kuwaka kwa sekunde chache. Hilo ni la kawaida, usikimbilie kuzima mashine. Ikimaliza, iwashe upya hata kama haikukuomba. Halafu rudi dxdiag ulinganishe toleo jipya na lile uliloliandika daftarini.

Skrini ikiwa nyeusi

Mambo yakienda mrama, tulia. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na herufi B: hii huwasha upya kiendeshi cha michoro bila kuzima kompyuta, na mara nyingine inatosha. Kama kadi ni ya kuchomekwa na prosesa ina michoro yake, hamishia waya wa skrini kwenye tundu la ubao mkuu ili uweze kuona.

Ukiiona skrini, rudi devmgmt.msc, fungua kadi yako na uende kwenye ukurasa wa kiendeshi. Kipo kitufe cha kurudisha kiendeshi kilichotangulia. Kikiwa hakibonyezeki, sakinisha kile cha zamani ulichokihifadhi, au urejee kwenye alama uliyoiunda. Kompyuta ikiishia kwenye ukurasa wa kuingilia Windows, shikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha uingie katika hali salama, ambayo huwaka bila kiendeshi cha mtengenezaji.

Mafundi wengi hupenda programu ya Display Driver Uninstaller, inayofuta kabisa mabaki ya kiendeshi. Ni zana nzuri, lakini ni ya matatizo sugu tu, si ya kila sasisho. Itumike katika hali salama, intaneti ikiwa imekatwa ili Windows isiingize kiendeshi kingine katikati ya kazi, na ipakuliwe kwa mtunzi wake, Wagnardsoft.

Ukishuku kuwa umeingiliwa

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Feni zinavuma ilhali hakuna kazi inayofanyika. Programu ya kuzuia virusi imejizima na haikubali kuwashwa. Marafiki wanapokea ujumbe ambao hukuutuma. Au mafaili yamebadilika majina na ipo barua ya kudai fedha.

Jambo la kwanza ni kuikata mashine hiyo kutoka kwenye mtandao. La pili, tumia mashine au simu nyingine safi kubadilisha maneno ya siri, ukianza na barua pepe, kisha benki na pesa za simu. La tatu, ambalo tunawasihi sana, usiifute diski wala usisakinishe Windows upya kabla hujafika kituoni. Tunajua mwenye biashara anataka kurudi kazini siku hiyohiyo. Lakini faili lile, anwani ya tovuti ile na saa uliyolisakinisha ndio ushahidi. Ukizifuta nyayo za mwizi, unatuomba tumfuate angani. Piga picha ya skrini, andika ulichokifanya hatua kwa hatua, hifadhi flashi iliyoleta faili na umtaje aliyekupa, si kwa kumshtaki bali ili naye aonywe kabla hajaumia.

Nne, usimlipe anayedai fidia kwa matumaini kuwa ni mtu wa ahadi. Tano, njoo. Muulize ofisa wa uhusiano wa polisi na jamii. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi.

Wengine husema: mwizi yuko ng'ambo, polisi watafanya nini? Tunawajibu kwamba mpaka haumfichi kama anavyodhani. Uganda ilipitisha sheria kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011, Tanzania ikapitisha sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015, na Kenya na Rwanda zikafuata kwa sheria zao mwaka 2018. Katika nchi zote hizi, kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini yake ni kosa. Majeshi ya polisi ya ukanda huu yameungana katika shirika la EAPCCO tangu mwaka 1998, na kila nchi mwanachama wa Interpol ina ofisi yake ya mawasiliano. Hatuahidi kwamba kila shilingi itarudi. Tunasema tu kwamba taarifa isiyoandikishwa haiwezi kuvuka mpaka kumfuata mtu.

Mafundi nao walisikie hili. Anayemwekea mteja kiendeshi chenye programu ya wizi kwa kujua ni mshiriki wa wizi huo. Anayeweka bila kukagua anacheza na jina lake, na katika mji mdogo jina ndilo duka. Kazi yenu ni ya kuaminiwa kama ya mfua kufuli. Kwa hiyo mwandikieni mteja kwenye risiti: kadi gani, toleo lipi, limetoka wapi, tarehe gani. Mstari huo mmoja unamlinda yeye na unawalinda nyinyi.

Nanyi wazazi, msiwakemee watoto kwa sababu tu wanapenda michezo ya kompyuta. Mtoto anayeogopa kuchapwa hatawaambia kwamba alibonyeza kitu kibaya, na siku tatu za ukimya wake ndizo zinazomtosha mwizi. Mwambieni aseme mapema, na akisema, mshukuruni.

Ndugu zetu, sisi wa mpakani tuna mazoea ya kumuuliza mgeni anatoka wapi, anakwenda kwa nani na nani anamjua, kabla hatujamkaribisha ndani. Hakuna anayeuona huo kuwa ukali. Ni utaratibu tuliokulia. Tunachowaomba leo ni kuupeleka utaratibu huohuo kwenye kompyuta: kila kiendeshi kijacho kiulizwe kimetoka wapi, ni cha kadi gani, na kimetiwa saini na nani. Kisipojibu, kibaki nje.

Mafundi wenye maswali wabaki, tutayajibu moja baada ya jingine. Waliokuja na mashine zao tutazikagua pamoja, bila malipo.